Madungu Mawili

Kama kuna mtu anadhani likizo ni kulala, huyo hajawahi kwenda kulinda mahindi kwa Bibi Swaumu. Shamba lake lilikuwa bondeni, mbali kidogo na Kwamsisi, na mahindi ya vuli yakishaanza kubeba, nyumba nzima ilihamia huko: vyungu, mikeka, kuku, na watoto juu yake. Walilala kwenye vibanda vya nyasi, wakapika nje, wakaoga kijitoni. Mchana kutwa walishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti linaloinuliwa juu ya mahindi ili mlinzi awaone ngedere kabla ngedere hawajamwona yeye. Zamda, binti pekee wa Bibi Swaumu, alikulia katika maisha hayo. Alipoolewa na kwenda kuishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme, kitu alichokikosa kuliko vyote kilikuwa ni kulala nje mwezi wa Desemba.

Mwaka ule wa operesheni ya vijiji alikwenda na mabinti zake wawili, Hamisa na Tatu, mara tu shule zilipofungwa. Mumewe, Muhidini, angefuata akishapata likizo yake. Lakini safari hii Zamda hakwenda kwa ajili ya mahindi tu. Amri ilikuwa imeshatoka kwamba masika ikianza asionekane mtu anaishi bondeni wala kwenye vilima vyake. Wote wawe kwenye kijiji kipya kando ya barabara, na Bibi Swaumu alikuwa ameshapimiwa kiwanja chake, katikati ya watu ambao hakuwajua hata kwa majina. Zamda hakuwa na ugomvi na kijiji. Aliyempa shida ni mama. Masika iliyopita mama huyo alilala na homa peke yake kwenye nyumba yake ya kilimani, hana wa kumpa hata maji, mpaka warina asali waliokuwa wakipita njia wakamsikia akikohoa. Zamda aliletewa habari wakati mgonjwa ameshapona, na tangu hapo kila mvua iliponyesha usiku Hale, yeye usingizi ulimruka. Alitaka mama aende akaishi nao. Likizo hiyo ndiyo aliyokuwa nayo ya kumshawishi, na mama mwenyewe alikuwa hataki hata kusikia.

"Nyumba yenu ina milango mingapi?" Bibi Swaumu aliuliza siku ya kwanza tu, akimenya mihogo.

"Mmoja, mama, lakini..."

"Mmoja. Na choo?"

"Kimoja."

"Haya basi. Mimi na mkwe wangu tupishane mlangoni kama abiria wa treni pale Mnyuzi? Anikute natoka chooni na kopo mkononi? Bora nife na heshima yangu, mwanangu."

Sasa, hapo ndipo penye kazi. Mkwe wa kiume na mama mkwe, kwa desturi ya watu wale, hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani ana kwa ana. Mwenye neno humtuma mtoto. Wengi wa rika la Zamda walikuwa wameshaanza kulegeza, hasa waliokaa mijini, na wapo waliokula sinia moja na wakwe zao bila mbingu kuanguka. Lakini Muhidini na Bibi Swaumu! Hao walishika desturi kwa meno. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Muhidini alikutana na mama mkwe wake ghafla kwenye kijia chembamba, akajitupa porini kumpisha, na alipojitupa palikuwa na upupu. Alijikuna mpaka magharibi. Bibi Swaumu alipoambiwa hakucheka hata kidogo. Alisema tu, "Huyo amelelewa," na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsema vibaya Muhidini mbele yake.

Muhidini alifika baada ya majuma mawili, kwa basi mpaka Mkata, kisha kwa baiskeli ya kuazima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hata maji hajanywa vizuri, akauliza mama yuko upande gani. Alipoonyeshwa dungu lililokuwa karibu na mapito ya nguruwe, alichukua panga akaenda upande wa pili kabisa wa shamba, akakata miti, akajijengea dungu lake na kibanda chake. Kati ya kambi mbili hizo akasimamisha kizuizi cha nyasi, ili mtu asije akateleza kwa macho. Zamda alikuwa akipika chungu kimoja na kukigawa mara mbili, nusu huku, nusu kule, akikatiza kwenye mahindi na bakuli kichwani.

"Siku moja nitawaacha wote mfe njaa," alimwambia mumewe.

"Mama ale kwanza," Muhidini alijibu.

Lakini dungu lina mambo yake. Ukimweka mtu juu ya miti kutwa nzima, macho hayana pa kwenda isipokuwa porini. Muhidini alikuwa amezoea mitambo. Kazini alijua kwa sikio tu kama kuna kitu kinakwenda mrama. Huku alikuta sauti mia asizozijua hata moja, na jambo hilo lilimkera, kisha likamwingia moyoni. Alianza kidogo kidogo.

"Hamisa, nenda kamwulize bibi, yule ndege mwekundu mwenye mkia mrefu anakula nini?"

Hamisa alikimbia kupita kizuizi, akarudi na jibu. Jibu lilikuwa refu kuliko swali, maana Bibi Swaumu alipoulizwa habari za ndege hakuwa mchoyo. Alieleza ndege anakula nini, anajenga wapi, na mwaka gani alimwibia mtama. Kesho yake Muhidini akauliza habari za nyoka wa kijani. Keshokutwa Bibi Swaumu, bila kuulizwa, akatuma habari kwamba baba yenu akitaka kuwaona paa wakinywa maji, asikae upande upepo unakotoka. Alikaa alikoelekezwa, akawaona, akarudi na tabasamu lililomkaa siku nzima. Tatu akaanza kudai kipande cha muwa kwa kila ujumbe. Dada yake alimwona hana adabu, halafu naye akaanza kudai.

Kati ya madungu mawili hayo, kando ya kijito, palikuwa na mkuyu mkubwa, na kwenye mkuyu huo alikuwapo hondohondo. Watoto ndio waliomwona kwanza: ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda, anakuja na tunda, anashika gome, anapenyeza tunda kwenye ufa wa mti, anaondoka. Anarudi tena. Wakakimbia kwa bibi yao.

"Mke wake yumo humo ndani," Bibi Swaumu aliwaambia. "Kaingia kwenye tundu, kaziba mlango kwa udongo, kaacha ufa wa kupitisha mdomo tu. Analalia mayai, analea, na mumewe anamlisha kutoka nje. Waambieni na huko."

Huko, maana yake kwa baba yao. Muhidini aliposikia alishuka dungu kabisa. "Kajifungia mwenyewe? Hakufungiwa?"

Hamisa akaenda, akarudi. "Bibi anasema kajifungia mwenyewe. Anasema mume kazi yake ni kuleta chakula na kunyamaza."

Muhidini alicheka mpaka kicheko kikavuka kizuizi. Upande wa pili Zamda alimwona mama yake akijiziba mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Wawili hao walikuwa wamecheka pamoja kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, na wala hawakuonana. Zamda alijisikia vizuri sana, akaanza kuota. Aliona mama ameketi barazani Hale, anasuka ukili. Jioni ile alijaribu tena, na mama akamjibu vilevile: nyumba yenu ina mlango mmoja.

Baada ya siku chache, dume hakuja. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Tatu ndiye aliyeokota manyoya chini ya mti wa karibu, na alama za makucha zilionyesha kwamba tai alikuwa amekula hapo. Watoto walilia. Kutoka ndani ya mkuyu, ukisogeza sikio, ulisikia vifaranga wakidai chakula kwa sauti nyembamba.

"Mama yao atajitoa mwenyewe wakati wake ukifika," Bibi Swaumu alituma ujumbe. "Lakini bado. Manyoya yake yamepukutika humo ndani, hawezi kuruka. Akitoka sasa atakufa, na wale watoto pia."

Muhidini alisimama chini ya mkuyu, mikono kiunoni, kama anavyosimama fundi mbele ya mtambo uliokataa kuwaka. Kisha akakata miti, akatengeneza ngazi. Akachukua ufito mrefu, akaupasua ncha, akabana panzi kwenye mpasuko, akapanda. Mara ya kwanza yule ndege aliukung'uta ufito kwa hasira mpaka Muhidini almanusura aanguke. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mdomo ulitokea ufani, ukachukua panzi, ukarudi ndani. Watoto walipiga kelele mpaka ngedere wakakimbia bila kufukuzwa.

Tangu hapo kambi nzima ilifanya kazi ya hondohondo mmoja. Watoto walikamata panzi, Zamda aliokota makuyu yaliyoiva, Muhidini alipanda na kushuka. Bibi Swaumu, kwenye dungu lake, alituma maagizo: matunda yawe mabivu, panzi wang'olewe miguu. Mahindi yaliliwa kidogo na nguruwe siku zile, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja Zamda alikwenda kijitoni na watoto kufua. Walikawia, na waliporudi akasikia sauti kwenye mkuyu. Akawazuia watoto kwa mkono, akachungulia kati ya mahindi. Muhidini alikuwa juu ya ngazi, uso kwenye gome. Chini yake Bibi Swaumu alikuwa ameinama, kampa mgongo, kanga kichwani, anachagua makuyu na kuyaweka kwenye ungo.

"Wewe ndege," Bibi Swaumu alisema, akitazama ardhi, "mwambie aliye juu kwamba kipago cha tatu cha ngazi kimelegea. Ana watoto wawili huyo."

"Wewe ndege," Muhidini alijibu, akitazama ufa, "mwambie aliye chini nimesikia, na kwamba jua ni kali, akae kivulini."

"Ndege, mwambie nimeshazoea jua."

"Mwambie pia asante. Mwambie mimi mambo haya sikufundishwa na mtu. Mama yangu alikufa nikiwa bado natambaa."

Bibi Swaumu alichagua kuyu moja, akalipangusa kwa kanga, akaliweka kwenye ungo peke yake. "Ndege," alisema, "mpe hilo ale yeye."

Zamda alirudi nyuma polepole na watoto wake, moyo ukimdunda kwa furaha. Ningependa kusema alielewa alichokiona, lakini hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba wameshaongea. Kama wameshaongea, alijiambia, basi desturi imekwisha, kilichobaki ni aibu kidogo tu, na aibu ni jambo la kusukumwa mara moja kama mbuzi anayeogopa kuvuka maji.

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha siku jike alipotoka. Alipiga ukuta wake kwa mdomo tangu alfajiri, udongo ukidondoka vipande vipande, na saa ya chai akatoa kichwa, kisha bawa, kisha mwili wote, manyoya yamekunjamana na mkia umepinda. Alikaa kwenye tawi muda mrefu. Halafu akaruka, akayumba, akanyooka, akavuka kijito. Aliporudi alikuwa na panzi, na ndani ya tundu vifaranga walikuwa wameshaanza kujizibia mlango upya. Watoto walirukaruka, Muhidini akapiga makofi, na hata Bibi Swaumu akasahau akaja mpaka chini ya mkuyu, ingawa alisimama upande wa pili wa shina.

Zamda akaona saa yake imefika. Alichinja jogoo. Alisonga ugali mkubwa mmoja, akatandika mkeka mmoja mahali wazi katikati ya shamba, akatenga sinia moja. Akamwita mumewe, akasema njoo ule. Akamwita mama yake, akasema njoo ule. Hakumwambia yeyote kuhusu mwenzake.

Muhidini alikuwa ameshanawa na kukaa. Bibi Swaumu alitokeza kwenye mahindi akicheka na Tatu, akainua macho, na macho yao yakakutana barabara, kwa mara ya kwanza tangu Zamda aolewe. Ilikuwa ni kitambo kidogo sana. Bibi Swaumu alijifunika kanga uso mzima, akageuka. Muhidini aliruka, akapiga teke bakuli la mchuzi, akakimbilia porini. Tatu aliachwa amesimama peke yake mbele ya sinia.

Zamda alimkimbilia mama. Alimkuta anakunja mkeka wake.

"Umenivua nguo, Zamda," Bibi Swaumu alisema. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Zamda zaidi. "Nilikuwa na mkwe. Umeniachia nini sasa?"

Akachukua mzigo wake, akapanda kwenda nyumbani kwake juu ya kilima, kwenye ile nyumba iliyokuwa ikisubiri kubomolewa. Habari ya Hale sasa ilikuwa imekufa kabisa. Zamda aliijua sauti ile ya mama tangu utoto, haikuwa sauti ya mtu anayebadili mawazo.

Muhidini alirudi giza likiingia, akaketi mbali na moto. Zamda alingoja afoke, hakufoka.

"Mama Hamisa," alisema, "wewe uliona hatupendani?"

"Niliona mnapendana. Ndiyo sababu."

"Mimi simtazami usoni kwa sababu sina mtu mwingine duniani ninayemheshimu kiasi hicho. Hicho ndicho nilicho nacho cha kumpa. Wewe umenikuta nampa vizuri, ukaninyang'anya." Kisha akasema taratibu, "Najua ni hofu yako. Hata mimi mvua ikinyesha namfikiria."

Zamda alilia usiku ule, na hakuna aliyekula.

Asubuhi Muhidini alivaa shati safi, akapanda kilimani. Zamda alimfuata kwa mbali, akabana nyuma ya migomba. Alimwona mumewe akienda si mlangoni bali nyuma ya nyumba, akachuchumaa, akaegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa udongo, uso akauelekeza bondeni.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakutumia mtoto wala ndege. Kuku alitoka mlangoni, akarudi ndani.

"Mama, nimekuja kusema maneno mimi mwenyewe, unisamehe. Mke wangu amekosea, lakini ni kwa kukupenda. Jingine ni hili. Zamda na watoto walipotangulia kuja huku, mimi nilibaki na nyumba peke yangu. Nikabomoa ukuta wa chumba cha nyuma, nikaweka mlango. Unatazama mtoni. Huko nyuma nimechimba choo, bado kuezeka tu. Msimamizi wa nyumba alinikaripia sana, anataka niuzibe. Nimemwambia anipe adhabu yoyote anayoitaka, mlango ule siuzibi."

Nyuma ya migomba Zamda alijishika kinywa. Hakuwa akijua neno hata moja la haya.

"Zamda sikumwambia," Muhidini aliendelea, "kwa sababu niliona si adabu mtu mwingine ajue habari za chumba chako kabla yako wewe. Na wewe sikujua nikwambie kwa mdomo wa nani. Kila nilipomwita Hamisa nimtume, niliona hapana, hili si la kumtuma mtoto. Basi likizo inakwisha nikiwa nalo kifuani. Mama, tutakaa ukuta mmoja, wewe upande wako, mimi upande wangu, na ukipenda tusionane mpaka siku ya kuzikana. Lakini ukikohoa usiku nitasikia, na nitamwamsha binti yako."

Akamaliza. Akabaki amechuchumaa vilevile, anang'oa majani madogo madogo chini ya miguu yake. Zamda alisubiri mpaka magoti yakamuuma. Alikuwa ameshajiandaa kuondoka aliposikia kitu kikisogezwa ndani, kigoda pengine, kikaburutwa mpaka kwenye ukuta uleule, na mtu akakikalia.

"Baba," ilisema sauti ya Bibi Swaumu kupitia udongo, karibu kabisa na mgongo wa mkwewe. Ikakatika, ikajikohoza, ikaanza tena. "Baba, tangu jana umekula?"

"Bado, mama."

"Haya. Tukishakula tutafunga mizigo."

Zamda alishuka kilima mbio, machozi yanamtoka, anacheka peke yake, akimwita Hamisa akoke moto, maana kambini hakukuwa na kitu cha kula isipokuwa ugali wa jana uliopoa.